Afya au Unga? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kafyu, Masoko na Magonjwa ya Mlipuko Kisumu

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii mtaani Manyatta, Kisumu. Kazi yangu ni kubisha hodi: nani ana kikohozi kisichoisha, mtoto gani hajamaliza chanjo, mjamzito yupi hajafika kliniki. Dada yangu ana meza ya mboga karibu na steji ya Kondele. Kwa hiyo mvutano wa afya na uchumi ulipoanza mwaka 2020 kwa sababu ya korona, kwetu uliingia hadi jikoni. Maswali yaliyo hapa chini nimeulizwa kwenye baraza, kwenye chama chetu cha Jumapili na mlangoni mwa watu. Nimeyaacha jinsi yalivyoulizwa.

Korona imeisha. Mbona bado unaizungumzia?

Ni kweli kwamba tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa dharura ya korona imekwisha. Lakini mwisho wa Julai 2024 mpox, ugonjwa wa kuambukiza unaotoa vipele, ilithibitishwa nchini, kwa msafiri aliyepimwa mpakani Taveta, na mama mmoja anayeuza mitumba akanisimamisha njiani. Nilidhani ataniuliza dalili zake. Aliuliza kama soko la Kibuye litafungwa tena. Kipindupindu nacho kinatujua kwa majina huku kando ya ziwa. Ugonjwa mwingine utakuja, na mama yule ana haki ya kupata jibu kabla haujafika.

Basi tuambie: kati ya afya na uchumi, kipi kilistahili kutangulia?

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na kila mara linaletwa kama mizani ya sokoni: ukiongeza huku, kule kunapanda. Nilivyoona mimi, halikuwa hivyo.

Anza na nchi za mbali zilizopima jambo hili vizuri. Marekani, wachumi wawili, Austan Goolsbee na Chad Syverson, walitumia taarifa za simu kuhesabu wateja waliokuwa wakiingia madukani mwaka 2020. Wateja walipungua kwa asilimia 60. Walipolinganisha maeneo jirani, moja lililofungwa kwa amri na jingine lililoachwa wazi, waliona kwamba amri zenyewe zilichangia takriban pointi 7 tu kati ya hizo 60. Kilichobaki ni watu kuogopa na kukaa nyumbani. Denmark ilifunga, Sweden haikufunga kwa kiasi hicho. Matumizi ya watu yalishuka kwa asilimia 29 Denmark na asilimia 25 Sweden. Tofauti ipo, ila ni ndogo. Ugonjwa wenyewe ulishafunga maduka.

Sasa rudi Kondele. Mtu wa Copenhagen aliyeogopa alibaki ndani kwa sababu mshahara wake uliendelea kuingia. Dada yangu aliogopa vilevile, lakini asubuhi alijifunga leso akatoka, kwa kuwa kodi ya nyumba haikuogopa. Kwa hiyo huku kwetu amri iliuma zaidi: iliwazuia watu ambao hofu peke yake isingeweza kuwazuia. Mtu akiniuliza kipi kitangulie, mimi humrudishia swali jingine: gharama ya kuwakinga wote, nani anailipa? Mwaka 2020 na 2021 ililipwa zaidi na watu wanaokula leo walichouza leo. Ubishi wangu wote uko hapo. Kukinga uhai kulikuwa sahihi. Bili ilipelekwa kwa mtu asiyeweza kuilipa.

Mimi biashara yangu iliuawa na kafyu, si na kirusi. Utakataa?

Sitakataa. Nitakueleza nilichokiona.

Mboga za jani haziuzwi mchana. Dada yangu huchukua gunia la sukuma wiki alfajiri, sehemu kwa pesa, sehemu kwa deni la kulipwa jioni. Mchana anauza kidogo kidogo. Pesa yake hasa iko kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku, watu wakishuka kutoka kazini, huyu anataka ya ishirini, yule ya thelathini, na wote wanataka ikatwe kabisa kwa sababu wakifika nyumbani ni kupika.

Tarehe 27 Machi 2020 kafyu ilianza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Ili awe ndani kwa wakati, ilibidi aanze kufunga saa kumi na moja, saa ileile ambayo wateja wake walikuwa wanaanza kuja. Jioni ya kwanza alirudi na beseni limejaa. Alizinyunyizia maji, akafunika kwa gunia lililolowa, akaziweka chini ya dirisha. Asubuhi majani ya chini yalikuwa yamegeuka manjano kwenye kingo. Aliketi kwenye kigoda akiyachambua moja moja bila kuongea na mtu, na yale mazuri akayauza nusu bei. Wiki ya pili alianza kuchukua nusu gunia, na kwa kuwa hakununua kwa jumla, faida ikaliwa na bei. Mwezi Juni saa iliposogezwa hadi saa tatu usiku, siku hiyohiyo alirudia gunia zima. Hakuna aliyempa msaada wala mkopo. Alirudishiwa saa mbili zake tu.

Nia ya kafyu naielewa: kuzuia mikusanyiko ya usiku. Lakini baa zilikuwa zimeshafungwa kwa amri nyingine. Kwa upande wa sokoni, kufupisha saa kulifanya watu wale wale wasongamane kwa muda mfupi zaidi. Nani hakumbuki steji za saa kumi na mbili jioni, kila mtu akigombea tuktuk ya mwisho? Kama lengo ni watu waachane nafasi, mpe muuza mboga saa nyingi, usimpe chache.

Lakini huku kwetu hatukuona maiti nyingi. Si walitia chumvi?

Mwaka 2020 ungeniuliza hivyo, ningekuelewa. Kwa sensa ya 2019, robo tatu ya Wakenya hawajafika miaka 35, na korona ilikuwa katili zaidi kwa wazee na kwa wenye kisukari na shinikizo la damu. Watafiti walipochunguza damu ya wachangiaji kati ya Aprili na Juni 2020, walikuta zaidi ya watu 4 kati ya 100 tayari wana kinga ya kirusi hicho, wakati hesabu rasmi ya wagonjwa ilikuwa bado ni ya maelfu machache tu nchi nzima. Yaani kilikuwa kimesambaa mno kuliko tulivyodhani, na wengi wamekipitia bila kujua. Habari hiyo ina pande mbili: hakikuwa kikiua kila mtu kiliyemgusa, na pia hakikuwa kimezuiwa jinsi tulivyoambiwa.

Halafu ikaja Delta, aina mpya ya kirusi hicho. Hapa Kisumu ilibainika mwanzoni mwa Mei 2021. Kufikia Juni sikuwa tena na mtu wa kuniuliza kama korona ipo. Wiki moja nilihesabu mahema matano ya matanga kwenye njia ninayopita kila siku. Mzee mmoja niliyekuwa nikimpelekea dawa za presha alianza kuhema Jumatatu. Alhamisi wanawe walikuwa wanazunguka mji wakitafuta mtungi wa oksijeni, mmoja kwa pikipiki, mwingine akipiga simu amesimama juani. Hawakuupata kwa wakati. Hesabu rasmi ya waliokufa kwa korona Kenya ilikaribia 5,700, na hao ni waliopimwa. Mzee yule hakupimwa.

Kwa nini sherehe ya Madaraka iliruhusiwa, na mazishi yetu yakakatazwa?

Nakiri kwamba kila nikisimama barazani swali hili hunitoa jasho, kwa sababu anayeuliza hana kosa.

Tarehe 1 Juni 2021 Madaraka iliadhimishwa Kisumu, kwenye uwanja mpya wa Mamboleo, na mji ulijaa. Tarehe 18 Juni kaunti 13 za Nyanza, Magharibi na jirani zao, Kisumu ikiwamo, ziliwekewa kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Masoko ya mifugo na ya bidhaa zisizo za chakula yalisimamishwa siku 30. Mazishi yakawekewa kikomo cha watu 50, na maiti izikwe ndani ya saa 72. Siwezi kusema sherehe ndiyo iliyoleta wimbi, maana Delta ilikuwa imeshaingia kabla ya hapo. Ninachoweza kusema ni kilichonitokea milangoni. Kabla ya Juni, nikisema vaa barakoa, mtu alivaa walau mpaka niondoke. Baada ya Juni waliniuliza, "Daktari, na uwanjani ulienda kuwaambia?" Sina udaktari, ndivyo wanavyoniita. Sikuwa na jibu.

Na mazishi kwetu si shughuli ya mchana mmoja. Mtu anasubiriwa na wa Mombasa, wa Nairobi, wakwe, wajukuu. Aprili 2020 mwanamume mmoja alizikwa usiku huko Siaya kwa haraka, bila jeneza, na picha zake zikazunguka kila simu. Tangu siku ile familia nyingi nilizozitembelea zilificha kikohozi, kwa kuogopa mpendwa wao asije akazikwa vile. Kanuni iliyokusudiwa kupunguza maambukizi ikawafanya watu wajifiche, na anayejificha haambiwi akae chumba gani wala apimwe lini. Kama ningeulizwa mimi, ningesema: acheni familia ikae na mtu wake, nje, penye hewa, kwa zamu. Ingechukua siku nyingi zaidi, na watu wangekuwa wachache kila siku.

Uhai una bei? Mbona mnauwekea hesabu?

Hauna bei, lakini bajeti ina mwisho. Wachumi wa afya huhesabu miaka ya maisha yenye afya inayookolewa kwa kila shilingi, na mwanzoni nilichukia lugha hiyo. Kisha nikaona kwamba tunaifanya hesabu kila siku hata tusipoitamka. Muuguzi aliyehamishiwa wodi ya korona ametolewa mahali pengine. Mimi mwenyewe, kwa miezi kadhaa ya 2020, nilikuwa nagawa ujumbe wa kunawa mikono, na kadi za chanjo za watoto hazikukaguliwa jinsi ilivyostahili. Surua haikungoji umalize korona. Malaria huku ziwani ndiyo kabisa haingoji.

Kinachonisumbua zaidi ni hesabu inayofanywa bila kumwona mtu. Usiku mmoja wa Mei 2020, kama saa nne hivi, jirani yangu alishikwa na uchungu. Mwendesha bodaboda wa kwanza alikataa, wa pili hakupokea simu. Wote waliogopa kukamatwa. Tulitembea. Mimi upande huu, mama mkwe wake upande ule, na mume mbele akiwa ameinua juu kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, amekimulika kwa tochi ya simu, ili yeyote atakayetusimamisha aone kwanza kijitabu. Kila baada ya nguzo chache za umeme tulisimama, anashika ukuta, tunasubiri ipite. Kwenye kituo cha kwanza tulikuta mlango umefungwa. Cha pili walitufungulia. Alijifungua salama, mtoto wa kike. Kwenye karatasi, wahudumu wa dharura waliruhusiwa kutembea usiku. Kwenye karatasi hakuna aliyekumbuka kuandika jina la mwendesha bodaboda, ambaye ndiye ambulensi ya Manyatta.

Serikali si ilitoa msaada?

Ilitoa, na baadhi ulikuwa mzuri. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi uliondolewa kodi yote, na kiwango cha juu kikashuka kutoka asilimia 30 hadi 25. VAT na kiwango hicho cha juu vilirudishwa kama zamani Januari 2021. Lakini zaidi ya watu 8 kati ya 10 wenye kazi nchini wako juakali na vibaruani. Mama mboga hana hati ya mshahara. Kodi ya mshahara ukiipunguza hata ikawa sifuri, yeye hapati chochote. Msaada ulipita juu ya kichwa chake ukaenda kwa mwenye ajira, ambaye mara nyingi ndiye aliyeweza kufanya kazi akiwa nyumbani.

Uliomfikia ni miwili. Kutuma pesa zisizozidi shilingi 1,000 kwa simu kulikuwa bure kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Desemba 2020, na hilo nililipenda: lilikuwa rahisi na lilimgusa hata mwenye mia. Na mpango wa serikali wa Kazi Mtaani, vijana wakizibua mitaro na kufyeka vichaka kwa shilingi mia nne na kitu kwa siku. Mpwa wangu alilishwa na ile kazi.

Ukigawia watu pesa si wangekaa tu?

Jibu la swali hili lilipatikana jirani kabisa. Shirika la GiveDirectly lilikuwa limeshaanza kugawa pesa Siaya na Bomet kabla ya korona, na watafiti, akiwamo Abhijit Banerjee aliyepata Nobeli ya uchumi 2019, walikuwa wanafuatilia vijiji 295, vingine vikipewa, vingine visipewe. Kiasi cha kila mwezi kilikuwa kidogo, karibu senti 75 za dola kwa mtu mzima kwa siku. Korona ikawakuta katikati ya utafiti. Waliporudi kuuliza mwaka 2020, waliopewa walikuwa wamelala njaa mara chache kuliko wenzao, wameugua mara chache na hawakulemewa na mawazo kiasi kile. Kuna jambo jingine ninalolirudia kila barazani: walipunguza kutembeleana na mikusanyiko, ila biashara zao hawakuziacha. Biashara zao mpya zilipata hasara kama za watu wote. Ila nyumbani kulikuwa na unga.

Kwa hiyo pesa ile ilifanya kazi ya afya na kazi ya uchumi kwa wakati mmoja. Mwenye chakula ndani anaweza kuchagua kutokwenda matangani. Asiye nacho hawezi kuchagua lolote.

Kufungwa kwa shule je?

Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020. Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirudi Oktoba. Wengine wote Januari 2021. Wiki za kwanza sina lawama, hakuna aliyejua kirusi kinafanya nini kwa watoto. Lakini kufikia katikati ya mwaka ilikuwa wazi kwamba kinawaumiza kidogo sana wakilinganishwa na babu zao. Masomo kwa redio na simu yaliwafaa wenye simu. Katika nyumba ninazozitembelea kuna wasichana watatu ambao hawakurudi darasani, wawili kwa sababu ya mimba. Hao wamelipia kinga yetu sisi watu wazima, na hakuna aliyewauliza. Kama kuna kitu ningefungua mapema kuliko vyote, ni shule za msingi, madirisha wazi, madarasa kwa zamu.

Na mitumba ilikuwa na kosa gani?

Uingizaji wake ulisimamishwa mwisho wa Machi 2020 hadi Agosti, kwa sababu ya afya. Belo hukaa baharini wiki nyingi kabla ya kufika Mombasa. Kirusi hiki hakiishi kwenye kitambaa muda huo. Amri hii iliwanyima watu wa Kibuye mlo bila kumwokoa mtu. Ukitaka mfano wa gharama kubwa kwa faida ndogo, hautapata ulio wazi kuliko huu.

Wavuvi wa omena walisaidiwaje na kafyu ya usiku?

Hawakusaidiwa. Omena, dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa. Waliofika ufuoni baada ya saa wakawa wahalifu, na mama wanaoanika wakakosa cha kuanika.

Matatu kubeba watu wanane badala ya 14: ilikuwa na maana?

Ilikuwa na maana kiafya, kwa sababu gari lililojaa na madirisha yamefungwa ni hatari kweli. Lakini tofauti ya nauli ililipwa na abiria kutoka Machi 2020 hadi Agosti 2021. Wengi wakaanza kutembea kwa miguu. Nafuu ya mafuta kwa wenye magari ingesaidia. Kufungua madirisha pia, jambo lisilogharimu hata shilingi, na ambalo makanga wachache sana walilisimamia mvua ikinyesha.

Mbona Tanzania haikufunga na maisha yakaendelea?

Serikali yake iliacha kutangaza hesabu ya wagonjwa mwaka 2020, idadi ikiwa 509. Usipohesabu makaburi huwezi kusema yalikuwa machache. Watu wa mpakani Migori watakueleza habari zao wenyewe, si zile za kwenye redio.

Uchumi ulianguka kiasi gani kwa kweli?

Kwa hesabu za kitaifa pato la nchi lilipungua kwa asilimia 0.3 mwaka 2020 na kukua kwa asilimia 7.5 mwaka 2021. Ukiisoma hivyo unaweza kudhani hatukuumia. Lakini ajira zaidi ya 700,000 zilipotea mwaka ule mmoja, na aliyeuza cherehani yake ili ale hakurudishiwa na ile asilimia 7.5.

Ukipata nafasi ya kuongea na wakubwa wa kaunti kabla ya mlipuko ujao, utaomba nini?

Kwanza, maji. Soko lenye bomba linalotoka maji linahitaji amri chache. Mwaka 2020 mitungi ya kunawia iliwekwa kila kona, na kufikia Desemba mingi ninayopita ilikuwa mikavu au imeibiwa koki.

Pili, orodha. Wauzaji wa barabarani, waendesha bodaboda na wavuvi waandikishwe sasa, kukiwa na amani, kwa namba zao za simu, ili siku ya kufunga jambo lolote pesa itumwe jioni hiyohiyo. Hatuna kisingizio, nchi hii ndiyo iliyoufundisha ulimwengu kutuma pesa kwa simu.

Tatu, kila amri itoke na tarehe ya kuisha na jina la kundi litakaloumia nayo. Ikisemwa "soko linafungwa siku 14, wauzaji 600, kila mmoja atalipwa hiki", nitaibeba mlango kwa mlango kwa moyo wangu wote. Ikisemwa tu "soko limefungwa", nitaibeba pia, maana ndiyo kazi yangu, lakini najua mtu atakavyoniangalia.

Mimi nilikopa kwa simu mwaka 2020 na bado jina langu ni baya. Nifanyeje?

Aprili 2020 Benki Kuu ilisitisha kwa miezi 6 kupeleka CRB, yaani mashirika yanayoweka rekodi za wakopaji, majina ya walioshindwa kulipa kuanzia mwezi huo, na deni lisilofika shilingi 1,000 likazuiwa kumharibia mtu jina. Kwa hiyo omba ripoti yako ya CRB, uangalie tarehe deni lilipoorodheshwa na kiasi chake. Ukiona kosa, andika barua ya kupinga na uwe na nakala. Kama deni ni halali, ongea na mkopeshaji kuhusu kulipa kwa awamu kabla hujakopa kwingine kulifunika. Dada yangu alimaliza lake mwaka jana, shilingi mia mbili mbili kila Jumamosi. Ukipita Kondele baada ya saa kumi na moja utamkuta, anakata sukuma.